Shimo la Sebuleni kwa Mama Sayi

Msinipe pole ya kustaafu. Pole ni ya mgonjwa na mfiwa. Mimi nimeweka mwiko chini kwa sababu magoti yamegoma. Kazi yenyewe haijanishinda mpaka leo. Mwiko upo chini ya kitanda, nimeupaka mafuta usishike kutu, na anayetaka kuununua aje tukae. Bei nitaitaja akishakunywa chai. Hilo lishikeni mapema, ninyi mnaoanza: bei haitajwi mlangoni. Mlangoni mtu bado anaweza kugeuka.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Kulwa wa Kagongwa, fundi wa sakafu. Si fundi ujenzi, si fundi rangi. Sakafu. Nimemwaga jamvi, lile zege la chini, na kupiga niru, ile saruji laini ya juu inayosuguliwa hadi ing'ae, kuanzia Shinyanga mjini hadi Geita. Nilipoanza, wanaume waliniambia kwamba kazi ya mwanamke ni kukandika sakafu kwa udongo na samadi ya ng'ombe, saruji ina wenyewe. Nikawauliza, "Samadi na saruji, kipi kigumu kukishika asubuhi na mapema?" Wakasema samadi. "Basi mimi nimeshamaliza kile kigumu." Hawakucheka. Nilicheka kwa niaba yao, kisha nikaomba kazi, wakaninyima, nikaenda kuitafuta kwa wake zao. Wake ndio wanaopiga deki. Mwanamume anaweza kuishi juu ya shimo mwaka mzima asilione.

Mmeniuliza kazi inapatikana sana lini. Nawajibu: Januari.

Krismasi ikishapita, nyumba za huku kwetu zinabaki kama uwanja wa mnada wa ng'ombe jioni. Ndugu walishuka kutoka Dar, kutoka Mwanza, kutoka machimboni, na mvua nayo ikashuka, basi kila kilichozoea kufanyika uani kikahamia ndani. Jiko la mkaa limewekwa juu ya niru, niru imepasuka mviringo. Kreti za soda zimeburuzwa kutoka mlangoni hadi kwenye friji. Mbuzi kachinjiwa koridoni, saruji imekunywa damu, doa halitoki. Na kinu! Kila ukoo una shangazi ambaye lazima atwange hapo hapo sebuleni huku akiwasimulia msiba. Kinu na niru havikai nyumba moja. Wageni wakiondoka, mama mwenye nyumba anavua vitambaa vya makochi akavifue, anarudisha masufuria ya kuazima, anasukuma makochi yarudi mahali pake, na hapo ndipo macho yake yanapokutana na sakafu. Anashika simu.

Usiende siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza ana hasira, anataka ubomoe nyumba nzima na wakwe zake wakiwemo. Nenda kesho yake, akishakumbuka kuwa shule zinafunguliwa. Kazi uliyopewa na mtu mwenye hasira utaibishania hadi Pasaka.

Mimi nilifundishwa na Mzee Shija, marehemu sasa, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Ni yeye peke yake aliyenikubali, na hakunikubali kwa huruma. Alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "Wewe mayu unajua kuinama. Hawa vijana wakiinama dakika mbili wanaomba maji." Mchanga aliupima kwa chupa ya soda: mchanga nusu, maji juu, unatikisa, unaiacha chupa itulie wakati mnakunywa uji. Tope likikaa juu ya mchanga kama mtindi juu ya maziwa, mchanga huo haufai. Mwenye mkokoteni atalalamika, "Mzee, huu nimeutoa mtoni kabisa!" Mzee Shija anamjibu, "Basi wahi kuurudisha, mto usije ukautafuta."

Kuhesabu sikufundishwa, nilizaliwa nako. Ndoo za kokoto nazihesabu zikiingia, kisha nazihesabu tena zikiwa tupu, maana kuna ndoo zenye tabia ya kuingia mara mbili. Watu wakasema Mama Kulwa hamwamini mtu. Si kweli. Namwamini kila mtu, nikishahesabu.

Sasa ninyi mna vigae, mna gundi ya vigae, mna video kwenye simu zinazoonyesha Mchina akipanga marumaru huku muziki unapiga. Sina ugomvi na Mchina. Lakini kigae kinakaa juu ya jamvi, jamvi linakaa juu ya kifusi, na kifusi hakionekani kwenye video. Kuna baba mmoja hapa Kagongwa, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alitindua sebule yake katikati ili asimike mti wa Krismasi. Tawi la mvinje, refu, zuri. Alitaka lisimame kama la kwenye picha. Januari mti umekauka, watoto wanajikwaa, akaniita. "Fundi, ziba," anasema, "ila niachie katundu kidogo kwa ajili ya mwaka ujao." Nikamtazama. Alikuwa na akili timamu. Nikaziba lote, nikachukua kopo tupu la rangi, nikalijaza zege, nikachomeka bomba katikati. "Mti wako huo hapo, mzee, ukitaka unatembea nao hata kanisani." Alinidai kopo lake la rangi. Watu wa namna hiyo ndio wateja, vijana. Wazoeeni.

Lakini shimo la mti wa Krismasi ni utani. Nataka niwaambie habari za shimo lenyewe.

Mama Sayi alinipigia asubuhi moja ya Januari. Anakaa nje kidogo ya Ushirombo, na mumewe Baba Sayi alikuwa mkulima na dereva wa bodaboda. Krismasi ile Mama Sayi alikuwa amekwenda kwao Chato na watoto wote watatu. Mume alibaki, alisema analinda nyumba.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

"Sijui nikuambieje. Nimefungua mlango, sebule haipo."

"Imeibwa?"

"Imechimbwa."

Siku hiyo nilivunja kanuni yangu, nilikwenda hapo hapo. Nilifika nikakuta makochi yapo uani chini ya turubai, kabati la vyombo lipo chini ya mwembe wa jirani, na Mama Sayi yupo barazani na mabegi ya safari bado yamefungwa, kapu la dagaa la Chato miguuni. Watoto alikuwa amewapeleka kwa jirani. Alinisindikiza ndani. Katikati ya sebule palikuwa na duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Mdomo wake ulitosha mtu na ndoo. Juu yake kuna gogo la kuviringishia kamba, pembeni kifusi kimepanda hadi chini ya dirisha, na ukutani kalenda ya parokia bado inaning'inia, imejaa vumbi.

Nikachungulia. Sauti ikatoka chini: "Shikamoo, fundi."

"Marahaba," nikajibu. Maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuitikia shikamoo inayotoka ardhini. Nilitazama pembeni kama kuna msalaba.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya Krismasi, mama mkubwa wa Baba Sayi alikuja kula sikukuu, mvua ikanyesha, akaingiza kinu ndani. Akatwanga hadi kipande cha sakafu kikaruka. Sakafu ile haikuwa yangu. Yangu ingemrusha yeye. Chini ya kile kipande kulikuwa na jiwe jeupe lenye mstari wa kutu. Hapa kwetu mtoto wa darasa la kwanza anajua maana ya jiwe jeupe lenye mstari wa kutu. Baba Sayi akalipeleka kwa Limbu, mtu mwenye maduara yake huko machimboni. Limbu akalisaga, akaliosha kwenye karai, likaonyesha rangi kidogo, kama unga wa manjano kwenye ncha ya kucha. Basi. Kabla mifupa ya mbuzi haijakauka, Limbu alikuwa ameleta kamba, magogo na vijana wawili, wakashuka. Mwaka Mpya vijana wakaenda makwao, Limbu akaenda Shinyanga kwa familia yake, na Baba Sayi akaendelea peke yake kwa tochi ya kichwani. Wenzake wangerudi wakati wowote sikukuu zikiisha.

"Lile jiwe lilikuwa ardhini au kwenye kifusi cha sakafu?" nikamuuliza Baba Sayi akiwa huko chini.

"Chini tu ya saruji."

"Basi lililetwa. Mliponunua kifusi cha kujazia sakafu, kilitoka wapi?"

"Mkokoteni ulikileta."

"Mkokoteni ulikitoa kwenye mabaki ya machimboni. Wanauza kifusi hicho Ushirombo nzima. Unachimba mahali ambapo jiwe halikuzaliwa, baba."

Alicheka. Alicheka kwa upole kabisa, kama unavyomcheka mtoto anayekuambia mwezi unamfuata. "Fundi, wewe sakafu unaijua. Mwamba niachie mimi."

Msidhani kwamba ukimweleza mtu ukweli atakubali. Mimi nilikuwa na ukweli mkononi na haukununua hata sindano. Nikaacha kubishana, nikaangalia nyumba.

Ufa ulikuwa umeanzia chini ya ukuta unaotenga sebule na chumba cha watoto, umepanda kwa mshazari hadi usawa wa bega langu. Nyumba ya tofali za kuchoma na udongo, bila nondo. Nikamwita Mama Sayi nikamwonyesha. Nikakoroga saruji kidogo, nikapaka kibandiko chembamba juu ya ufa, upana wa vidole viwili. Hii kazi ifanyeni kila mnapoona ufa, kabla hamjakubali chochote: kibandiko kikikauka kikabaki kizima, ukuta umetulia, unaweza kuzungumza bei. Kikikatika, ukuta bado unatembea.

"Ameelekea wapi huko chini?" nikauliza.

Mama Sayi akaita, "Baba Sayi! Umepinda upande gani?"

"Nimefuata mstari!"

"Mstari umekwenda wapi?"

"Chumbani," akasema.

Chumbani ni kwa watoto. Alikuwa amechimba kama mchwa chini ya msingi hadi chini ya kitanda cha Sayi, binti yao mkubwa, na wadogo zake wawili. Kibandiko changu kilikatika kabla hatujamaliza chai.

Mama Sayi alikitazama kile kibandiko kilichokatika. Hakulia. Alivua kitenge cha safari akajifunga cha kazi, akaniuliza, "Unajaza kwa kiasi gani?" Nikaona huyu ni mtu wa kufanya naye kazi. Nikamtajia, akapunguza, nikapanda, akapunguza, tukakutana. Alipatana vizuri kuliko wafanyabiashara wengi wa Kahama, na shimo likiwa linamtazama. Kisha akasogea mdomoni mwa duara.

"Baba Sayi, panda. Fundi anajaza."

"Hajazi mtu hapa. Nimebakiza kidogo."

"Umebakiza kidogo nini?"

"Kufikia mwamba."

"Na nyumba umebakiza kiasi gani?"

"Mama Sayi, nyumba ni yangu."

"Na mimi ni nani humu, mpangaji?"

Akabadilisha, akanigeukia mimi. Wateja wote hufanya hivyo, wakishindwa na mke wanamrudia fundi. "Fundi, sikia. Fanya hivi. Leta mbao, funika juu, tandika zulia, weka meza. Mke wangu apate sebule yake, mimi niwe naingilia dirishani. Na tukilipata, wewe tunakuhesabia fungu lako."

Vijana, niliwahi kupewa kuku, nikapewa mahindi, niliwahi kupewa hata shamba la pamba lililokuwa na kesi. Fungu la dhahabu ambayo haipo ndiyo ofa kubwa kuliko zote nilizotajiwa, na ndiyo niliyoikataa haraka kuliko zote. "Sifuniki mashimo," nikamwambia. "Ninajaza. Anayetaka kufunika amwite fundi mazulia."

"Basi sitoki. Tuone mtakavyojaza."

"Fundi, jaza," akasema Mama Sayi.

"Sijazi shimo lenye mtu, mayu."

"Yaya, hapana, jaza tu, atapanda mwenyewe kadiri kifusi kinavyopanda. Kama chura."

Chini nikasikia Baba Sayi akicheka, akikohoa vumbi. Ilikuwa mchana, na kwa jinsi alivyocheka nilijua alikuwa tayari kushinda huko na kulala huko. Mwanamume wa huku akishajiona ana haki na kisha akawa na tochi, humtoi kwa maneno. Majirani walishaanza kujaa barazani. Mzee mmoja alitoa ushauri wa kumwita padri. Mwingine akasema padri naye ana kiwanja karibu na machimbo, tusimtie majaribuni.

Mama Sayi hakuwasikiliza. Akaanza kupanga nyumba. Nasema kweli: aliingiza kochi moja, akaliweka mahali pake, akalitandika kitambaa chake cha kufuma. Akaning'iniza pazia. Akaipangusa kalenda ya parokia kwa kanga. Shimo lipo katikati, yeye analizunguka kama meza. Kisha akachukua fagio akaingia chumba cha watoto.

"Mama Sayi, humo usiingie," nikamwambia. "Ukuta unatembea."

Aliingia. Nikamfuata hadi mlangoni, sikuthubutu kuvuka kizingiti. Alisogeza kitanda cha watoto pembeni, akasimama pale kilipokuwa. Akagonga sakafu kwa mti wa fagio. Mlio ulikuwa mtupu, kama unapogonga pipa.

"Baba Sayi! Unanisikia?"

Sauti ikaja kutoka chini ya miguu yake, nyembamba. "Uko wapi?"

"Niko juu yako. Hapa ndipo anapolaza kichwa Sayi."

"Mama Sayi, toka hapo."

"Kwa nini?"

"Toka nakwambia! Udongo unanidondokea! Magogo ya kushikilia hayajakaa vizuri huku!"

"Ahaa," akasema Mama Sayi. "Kumbe unajua kwamba hayajakaa."

Barazani, hata yule mzee wa padri alivua kofia.

"Usiku ungeacha watoto walale humu," akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Mimi ningetandika, ningewafunika, ningezima taa. Nawe unajua hayajakaa."

"Nilikuwa nitayarekebisha. Toka kwanza, mama watoto. Nakuomba."

"Nitatoka ukitoka."

"Tangulia wewe, huko juu ni hatari!"

"Na huko chini?"

Aligonga tena mti wa fagio. Hakusogea. Nimekaa na watu wengi wa kupatana bei. Wote, hata mimi, tunatishia kuondoka. Yule mama alikuwa anapatana kwa kutishia kubaki.

Nikasikia kamba inalia kwenye gogo. Nikarudi sebuleni. Kikatoka kichwa chenye tochi, uso wote mweupe kwa vumbi, macho mekundu. Baba Sayi alijivuta juu, akakimbilia mlango wa chumba, akasimama kizingitini pale pale nilipokuwa nimesimama mimi, naye akaogopa kuvuka. Akanyoosha mkono. Mkewe akamtazama kidogo, akaweka fagio begani, akatoka bila kuushika.

"Fundi," akasema, "sasa halina mtu."

Sasa sikilizeni jinsi ya kujaza shimo la namna ile, maana mtakutana nalo. Nchi hii ya dhahabu haiishiwi watu wenye ndoto. Usianze na shimo. Anza na ukuta. Chini ya msingi tulijenga nguzo ya mawe na saruji nzito, tukaikaza hadi ikabeba. Aliyeshuka kuijenga ni Baba Sayi mwenyewe. Nani mwingine angekubali? Nilimfunga kamba kiunoni, mkewe akashika ncha ya juu, akaizungusha mara mbili mkononi. Nimekwenda harusi nyingi za kanisani, nimesikia viapo vingi. Ndoa niliyoiona kwa macho ni ile, imefungwa kwa kamba ya katani, mmoja juu na mmoja chini, na hawasemeshani.

Ukuta ukishatulia, unarudisha kifusi. Usikimwage chote kama unaficha kosa. Mwaga kina cha shibiri, nyunyiza maji, shindilia kwa gogo. Mwanzo gogo linalia kizito, kama ngumi kwenye godoro. Shindilia hadi lilie kikavu, liruke kidogo mkononi. Hapo mwaga shibiri nyingine. Usitupie migomba, usitupie magunia wala matofali mabovu. Vitaoza, vitalala, na mvua ya masika itakuonyesha ulikoficha. Baba Sayi alishindilia siku ile na siku zilizofuata hadi viganja vikachubuka. Mara moja tu alinyanyua jiwe jeupe kutoka kwenye kifusi, akaligeuza kwenye mwanga. Mkewe alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama. Baba Sayi akalitupa shimoni, akalishindilia.

Tuliacha kifusi kilale siku kadhaa, tunakimwagilia asubuhi na jioni, kisha nikamwaga jamvi chumbani na sebuleni. Likakomaa. Kibandiko kipya nilichopaka juu ya ufa kilibaki kizima, wiki imepita nacho ni kizima, ndipo watoto wakarudi kulala kwao. Siku ya mwisho nikapiga niru. Mama Sayi alitaka nyekundu, nikampa nyekundu, nikaisugua hadi akaona pazia lake ndani ya sakafu.

Najua mnachotaka kuniuliza. Kila ninapoisimulia habari hii kuna mwenye kuuliza: je, dhahabu ilikuwepo? Nami nawajibu kama nilivyowajibu wengine: sijui, na sijali. Mimi nasema jiwe lililetwa na mkokoteni. Limbu anasema mimi ni mpiga lipu. Labda wote tuko sahihi. Lakini watu wamewachosha sana ninyi vijana kwa habari za utajiri ulio chini ya miguu yenu, hadi mnaona haya kuwa na sakafu tu. Msione haya. Kuna watu wanataka kukuambia kwamba nyumba yako ni kifuniko cha kitu kingine cha thamani zaidi. Waambie kifuniko kimekaza.

Limbu alirudi siku ile ile ya niru, alasiri. Mimi nilikuwa barazani nasafisha mwiko, Mama Sayi anapepeta mchele, Baba Sayi amekaa kwenye kigoda mlangoni, analinda kuku wasiingie. Limbu alikuja na vijana wake wawili, kofia zao mikononi, kamba mpya begani. Suruali imepigwa pasi.

"Mwangaluka," akatoa salamu ya asubuhi, ingawa jua lilishapinda.

Tukaitikia.

Akachungulia mlangoni. Nilimwona akitafuta lile shimo kwa macho, kushoto, kulia, hadi akatambua kwamba analitazama. "Mmefanya nini?" akasema. "Baba Sayi, tulikubaliana. Lile duara lina wenyewe."

Baba Sayi alitazama viganja vyake.

"Limbu," akasema Mama Sayi bila kuacha ungo, "magogo yako na kamba yako vipo nyuma ya choo. Nimevipanga. Vihesabu."

"Mama, hamjui mnachofanya. Mnalalia utajiri!"

"Afadhali. Miaka yote nililalia mkeka."

Vijana wake wakacheka, akawakata jicho. Akajaribu njia ya upole. Akasema yeye si mgomvi, anataka tu aingie wakae waongee na mwenzake, mwanamume kwa mwanamume, mambo ya wanaume hayazungumzwi barazani. Akanyanyua mguu kuelekea kizingiti. Niru ilikuwa mbichi, inang'aa kama maji ya ziwa kukiwa hakuna upepo. Nikasimama kumzuia, magoti yakanichelewesha.

Baba Sayi akaweka mkono mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea siku ile.

"Limbu, vua viatu."

Limbu akatabasamu, akaona amepata mlango. Akainama, akafungua kamba za kiatu, cha kwanza, cha pili, akavipanga vizuri pembeni ya kigoda, akasimama na soksi zake.

"Haya," akasema. "Nimevua."

"Sasa usiingie," akasema Baba Sayi.